Ruhusa ya Kuchukua Plagi

Tangu nirudi kutoka Bungoma, kila Jumapili baada ya ibada kuna mmoja wenu ananivuta kando na kuniuliza, "Mama Waithira, ni kweli yale Barasa anasema?" Barasa anasema mengi, na akishakunywa kikombe cha pili cha chai anaongeza mengine. Afadhali niwaeleze mwenyewe, nianze mwanzo nifike mwisho, halafu mniache nifunge duka langu kwa amani.

Kitale hadi Kiminini

Mnajua binti yangu Waithira ameolewa Bungoma, kwa Simiyu yule seremala. Mimba ilikuwa ya kwanza. Asubuhi ile alitumwa mtu kuniambia kwamba uchungu umemshika ukamwachia, ukamshika tena ukamwachia, na kwamba ananiita. Mjumbe hakusema zaidi. Alikuwa anatazama miguu yake tu, na mimi nikaona hiyo ni habari tosha.

Lori la Barasa lilikuwa sokoni, limejaa viazi vya kupeleka Bungoma. Barasa ni Mbukusu wa huko huko, dereva tangu kabla ya vita vya Hitla, na ulimi wake, kama mnavyojua, hubadilisha L na R apendavyo.

"Mama, panda mbele," akaniambia. "Rori hii ni nzee, lakini inafika."

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kiminini tulipofika tukakuta watu wamesimama barabarani na baiskeli zao. Daraja la mbele lilikuwa limefunikwa na maji. Mwanamke aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchemsha alituambia tuzunguke kwa njia ya mashamba ya wazungu, tutokee Naitiri, kule kuna daraja la juu. Nikanunua mihogo. Alipokuwa akinifungia kwenye jani la mgomba akasema, "Lakini msisimame njiani."

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Si njia ya kusimama tu," akajibu, akamgeukia mteja mwingine.

Njia ya mashamba

Mwanzo ilikuwa njia nzuri, imepandwa miti pande zote mbili. Baadaye miti ikawa haijakatwa matawi, na matawi yakaanza kukwaruza turubai letu. Ukungu ulishuka kutoka upande wa mlima, mzito, mweupe kama maziwa. Kulia kwetu palikuwa na shamba la mahindi ambalo hakuna aliyelipanda. Yalikuwa yameota yenyewe kutokana na mbegu zilizoanguka, mengine marefu, mengine mafupi, yamechanganyika na magugu. Sikusikia mbwa, sikusikia jogoo.

Ndipo lori likapiga mlio. *Paa!* Mimi niliinama chini nikidhani ni bunduki. Lori likaanza kutoa sauti ambayo sijawahi kusikia gari likitoa: *fuuh-pa, fuuh-pa, fuuh-pa*, kama mnyama mkubwa anayehema akiwa na kidonda kifuani.

"Pragi imeluka!" Barasa akapiga kelele. Akazima injini, akashuka.

Kwa wale mnaoniuliza plagi ni nini: ni kile kijiti cha chuma na kauri kinachopenyezwa juu ya injini, ndicho kinachotoa cheche ya kuwasha petroli. Lori lile lilikuwa na sita. Mojawapo ilikuwa imerushwa nje, imegonga boneti kwa ndani mpaka bati likavimba, na sasa ilining'inia kwenye waya wake, kauri imepasuka. Barasa alitia kidole kwenye tundu ilimotoka, akakizungusha.

"Nyuzi za kuikaza zimekwisha," akasema. "Hata ningekuwa na pragi mpya, haingeshika. Na sina pragi mpya."

"Hatuwezi kwenda na tano zilizobaki?"

"Na mzigo huu, na mlima ule, na tundu wazi ya kutema moto karibu na petroli? Mama, tutaungua."

Nilimfikiria Waithira. Nikamwambia Barasa tutembee, na yeye akasema Naitiri ni mbali, hatutafika kabla ya giza. Tulikuwa bado tunabishana hivyo tuliposikia kengele.

Ilikuwa kengele ndogo, ya mezani. Ililia mara chache, ikanyamaza, ikalia tena karibu zaidi. Katika ukungu akatokea mzee mmoja amevaa kanzu nyeupe, nyeupe kweli kweli, imepigwa pasi, na mshipi mwekundu kiunoni. Miguu yake ilikuwa mitupu, imejaa matope. Mkononi alibeba sinia yenye birika, sukari na kikombe kimoja.

Hakutusalimu. Alipita kando ya bega langu akafungua mlango wa lori, akachungulia ndani.

"Bwana yuko wapi?" akauliza.

"Bwana gani, mzee wangu?" nikasema.

"Nimesikia motokaa yake. Hiyo ndiyo sauti ya motokaa yake." Akatazama sinia, kisha akatutazama sisi kwa mara ya kwanza. "Chai itapoa."

Nyumba

Tulimfuata kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumfuata. Barasa alininong'oneza njiani, "Mimi naomba tu, Mama. Naomba kimya kimya." Nami nilikuwa naomba.

Nyumba ilikuwa kubwa, ya mawe, yenye veranda ya mbao. Upande mmoja wa paa ulikuwa umeanguka, na mche wa mti umeota sebuleni, majani yake yakitokea nje. Lakini upande wa pili sakafu iling'aa mpaka niliona kivuli cha uso wangu. Meza ilikuwa imeandaliwa: sahani moja, kisu, uma, glasi, kitambaa kilichokunjwa kama ua. Nyuma ya meza kiti kikubwa cha ngozi. Maji ya mvua yalidondoka kutoka kwenye dari, na mzee alikuwa ameisogeza meza mpaka mahali pakavu pa mwisho.

Sisi alituweka jikoni. Alitupa chai kwenye vikombe vya bati, na mkate aliooka mwenyewe, na jamu ya mapera. Sijala mkate mzuri kama ule. Nilimwuliza jina lake, akasema, "Mpishi." Nikamwuliza Bwana alikwenda wapi, akasema, "Vitani."

"Vita viliisha, mzee," Barasa akasema. "Kitambo sana."

"Basi yuko njiani," akajibu, na akaendelea kufuta kikombe kilichokuwa tayari kikavu.

Nilimweleza shida yetu. Nilimwambia juu ya binti yangu. Alisikiliza vizuri, akauliza kama ni mtoto wa kwanza, akatikisa kichwa. Kisha akasema kwamba motokaa ya Bwana iko bandani, na ni ya aina moja na yetu, na plagi zake zote ni nzima.

Hamjui jinsi moyo wangu ulivyoruka.

Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, lina mlango mmoja, na ndani kulikuwa giza lenye harufu ya mafuta na popo. Lori la Bwana lilisimama juu ya mawe. Halikuwa na magurudumu. Nyasi zilikuwa zimepenya kwenye sakafu yake na kutoka dirishani. Barasa akainua boneti, akaweka mkono juu ya injini, na akaurudisha haraka kama aliyeumwa na nyoka.

"Mama," akasema polepole. "Weka mkono hapa."

Niliweka. Ilikuwa na joto. Gari lisilo na magurudumu, lisilo na petroli, nyasi zimelimeza, na injini yake ilikuwa na joto kama ya gari lililoingia sasa hivi kutoka safarini. Na tuliponyamaza tuliisikia: *tik, tik, tik*, kile kisauti cha chuma kinachoanza kupoa.

Barasa alikuwa ameshafika mlangoni. Mimi nilibaki, mkono wangu bado juu ya chuma kile.

"Aliniambia nisiiache ipoe," mzee akasema nyuma yangu. Aliinama, akavuta kutoka chini ya injini karai la makaa ya moto. "Asubuhi za huku ni baridi. Motokaa baridi haiwaki. Aliniambia kila siku niweke makaa chini, ili siku akirudi iwake mara moja."

Akarudisha karai mahali pake. Mawe chini yalikuwa meusi, na ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi mpaka juu, na nje ya dirisha niliona rundo la majivu lililozidi kimo changu. Nilikuwa nimelipita nikija, nikadhani ni kilima.

Ningependa kuwaambia kwamba baada ya kuelewa hofu iliniishia. Ilizidi.

Kiti

Barasa alirudi na spana. Mzee akasimama mbele ya injini, mikono ameinyoosha pande zote mbili, kanzu yake ikigusa grisi.

"Ruhusa haitoki kwangu," akasema.

"Mzee, kuna mtu anaweza kufa," Barasa akasema.

"Najua. Nimesikia. Lakini kila kitu cha nyumba hii ruhusa yake inatoka mezani. Hata yai."

Barasa angeweza kumsukuma. Alinitazama kama anayeomba nimwambie amsukume. Lakini mzee alikuwa anatetemeka, na alikuwa ametupa mkate wake, na nilijua nikiruhusu hilo litendeke nitalibeba mpaka kwenye kitanda cha binti yangu.

Nikamwuliza, "Mezani kwa nani?"

"Kwa anayekaa pale."

Ninyi mnanijua. Nimezaliwa kwenye shamba la mzungu hapa hapa Trans-Nzoia. Baba yangu alikamua ng'ombe wao, na maisha yangu yote ya utoto nilisimama kwenye nyasi chini ya veranda, sikuwahi kukanyaga ubao wake wa kwanza. Siku ile nilipanda veranda kwa mlango wa mbele. Nilivuka sakafu ile inayong'aa na kuacha alama za matope. Nilikivuta kiti cha ngozi na nikakaa.

Mzee alikuwa amekuja nyuma yangu. Alisimama kando ya mlango. Barasa alikuwa nje ya dirisha, na mwanzoni alitabasamu.

Nikapiga meza kwa kiganja. Na nikasema, kwa sauti niliyoisikia kila asubuhi ya utoto wangu, kwa Kiswahili chao kile kibovu:

"Pishi! Kuja hapa."

Mgongo wake ulinyooka. Nawaambia, ulinyooka kama wa kijana. "Ndiyo, Bwana."

"Toa plagi kwa motokaa. Patia huyu dereva. Upesi!"

"Ndiyo, Bwana."

Barasa hakuwa anatabasamu tena. Mzee aligeuka aende, na hapo ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimepata nilichotaka. Lakini sauti ile ilikuwa bado mdomoni, imekaa vizuri, inatafuta kazi nyingine.

"Wewe, simama," nikasema. "Kazi hapa kwisha. Mimi hapana taka pishi tena. Funga nyumba. Enda nyumbani yako."

Alisimama, akaitazama meza. Maji ya dari yalidondoka sakafuni.

"Kwisha kabisa, Bwana?"

"Kwisha kabisa."

Akaja mezani. Akaondoa uma, akaondoa kisu, akaondoa sahani, akakunjua kile kitambaa kilichokunjwa kama ua na akakilaza bapa. Hakunitazama usoni hata mara moja. Nilipoinuka, kiti kilitoa mlio wa ngozi, na yeye akainamisha kichwa kwa mlio ule.

Hadi Naitiri

Barasa alifanya kazi bila kuzungumza, jambo ambalo kwake ni ugonjwa. Alichukua waya mwembamba wa shaba, akauzungusha kwenye nyuzi za plagi ya Bwana ili inenepe, akaipenyeza kwenye tundu letu na kuikaza polepole. Ilishika, ila si sana. Basi akang'oa bawaba ndefu ya mlango wa banda, yenye tundu mwishoni. Tundu lile alilipitisha juu ya kauri mpaka chuma kikakandamiza plagi, na upande wa pili akaubana chini ya nati ya injini. Plagi ikawa kama mtu aliyeshikwa bega asiinuke.

Akazungusha hendeli. Lori likawaka, likipuliza kidogo pale pembeni, *ss, ss, ss*, lakini liliwaka.

Mzee alikuwa amesimama kando ya barabara na kifurushi. Alikuwa ameyamwagia makaa maji. Niliona mvuke ukitoka bandani na kuchanganyika na ukungu. Nilidhani anatuaga.

"Bwana," akasema, "nipande nyuma?"

"Mimi si Bwana, mzee wangu. Ni Mama Waithira. Ule ulikuwa mchezo wa kupata plagi."

"Ndiyo, Bwana. Nipande nyuma?"

Ningemwachaje pale, nyumba nimeshaifunga? Nikasema panda. Alisafiri amesimama juu ya viazi, ameshika fremu ya turubai. Kila nilipogeuka kuchungulia kwenye kidirisha niliona kanzu ile nyeupe, na uso umeelekezwa kwangu, ukisubiri. Naitiri tulisimama kutia maji kwenye rejeta, na watu wa pale walipomwona waliacha mazungumzo yao. Mmoja akamwuliza Barasa, "Huyo mumempata wapi?" Barasa akamwambia. Yule mtu akachukua ndoo yake, ikiwa haijajaa, akaondoka.

Bungoma

Tulifika jua likizama. Waithira alikuwa nyumbani kwa mama mkwe wake, na uchungu ulikuwa umemrudia, safari hii wa kweli. Nilimshika mkono. Alikuwa amechoka mpaka midomo imekuwa myeupe, lakini aliponiona alinigombeza kwa kuchelewa, na nikajua ana nguvu bado.

Wakwe zangu ni watu wema, wa kanisa. Lakini baada ya muda mama mkwe akaniita kando.

"Mama Waithira, umekuja na mtu gani? Kuna mzee amesimama uani kwa kanzu. Nimempa kiti hakai. Nimempa chakula hali. Wanawake wanasema umeleta mganga, na hapa sisi hatutaki mambo hayo."

Nilitoka. Alikuwa kando ya ua, wima, mikono nyuma.

"Kwa nini hukai, mzee?"

"Sijaambiwa, Bwana."

Ndani binti yangu alilia. Sikuwa na wakati wa kubishana. Nikamwambia, "Kaa. Kula. Lala." Akakaa, akala, akajilaza ukutani kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba. Nilirudi ndani, na tangu hapo nikasema na Waithira kwa kunong'ona tu.

Kulipopambazuka mtoto akazaliwa. Msichana, mzima, mwenye kelele. Kwa desturi ya upande wetu angeitwa jina la mama yake Simiyu, na ndivyo ilivyokuwa, hata wakwe wakashangaa na kufurahi. Nilicheka na nikalia. Hayo mengine ya furaha nimeshawaeleza, na uji wa wimbi niliokunywa siku zile bado uko mwilini mwangu kama mnavyoniona.

Lwakhakha

Kabla ya kurudi nilimwuliza mzee kwao ni wapi. Ilibidi niulize kwa ukali kidogo ndipo akajibu: Lwakhakha, karibu na mto wa mpakani. Barasa alikubali kutupeleka. Bawaba ile ilikuwa bado imeikamata plagi, na alikuwa ameshaanza kujisifia.

Safari hii nilimweka mzee mbele, kati yetu. Alikaa kwa sababu nilimwambia. Tulikwenda mwendo mrefu bila neno, na ukungu ulikuwa umetushukia tena, halafu akaanza kusema, akitazama barabara.

"Nilijua amekufa."

Barasa nusura atie lori mtaroni.

"Nilijua zamani," mzee akasema. "Mtu akifa nyumba inajua. Lakini alikuwa ameniambia, kaa hapa mpaka nikuambie. Na hakuniambia." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa na akili timamu kabisa, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. "Wewe umeniambia."

Nikageuza uso, nikatazama ukungu.

Boma lao lilikuwa juu ya mto, nyumba mbili za udongo na migomba. Mtu mmoja mzee alikuwa akichonga mpini. Alimtazama aliyeshuka kwenye lori, akaangusha panga.

"Kuloba?" akasema. "Kuloba, ndugu yangu?"

Mzee hakwenda. Alisimama kwenye njia, kifurushi mkononi, na akanitazama mimi.

"Niingie, Bwana?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Lilikuwa neno zuri, la upendo, na lingemaliza mambo mara moja. Nilifumba midomo, maana lingekuwa amri nyingine. Ndugu yake alimwita tena. Barasa akaninong'oneza, "Mama, mwambie basi, si umwambie tu." Nikatikisa kichwa. Watu wa boma walitoka wakatuzunguka, wakidhani tunagombana. Mtoto mdogo aliuliza kwa nini babu yule haingii, na hakuna aliyemjibu. Tulisimama hivyo mpaka ukungu ukaondoka juu ya mto, tukaanza kuona Uganda ng'ambo.

Aliacha kunitazama. Kwanza alitazama migomba. Kisha akatazama mikono ya ndugu yake. Akaweka kifurushi chini, akafungua ule mshipi mwekundu, akautundika kwenye ua wa boma, akapita kando yangu bila kuaga, akaingia.

Nilirudi kwenye lori. Barasa alikuwa ameshika mlango wazi.

"Sasa twende nyumbani, Mama?"

Nilitaka kumwambia twende. Lakini sikuwa na hakika neno hilo lingetoka kwa sauti ya nani, kwa hiyo nilimwitikia kwa kichwa.